Mkaguzi Namba 41

Tarehe 4 Februari

Kiguu mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila magoti yanagoma nikipanda ngazi za ghorofa hii. Simu yako huko milimani haishiki, kwa hiyo nakuandikia kupitia ofisini kwenu. Nimeambiwa unapita kuchukua barua kila baada ya wiki mbili.

Huu ni mwezi wa pili tangu nistaafu. Wiki ya kwanza nililala. Ya pili nikasafisha makabati yote. Ya tatu nikakaa mezani saa nne asubuhi, ule wakati wa mapumziko shuleni, nikakoroga kahawa yangu ya kopo. Miaka thelathini na moja nimeinywa nimesimama, chaki mkononi, nikisubiri kengele. Safari hii kengele haikulia. Nikainywa taratibu mpaka tone la mwisho. Kiguu, kumbe ni mbaya. Ina ladha ya mfuko wa karatasi ulioloa maji.

Sasa inakuwaje nina ndugu ambaye kazi yake ni kukagua mashamba ya kahawa, halafu mimi nakunywa vumbi? Nifundishe kuchagua kahawa ya kunywa nyumbani. Iwe haijachakaa, na iwe imetoka mahali ambapo watu hawakuumizwa na ardhi haikuharibiwa. Nimefundisha watoto habari za misitu na mito maisha yangu yote. Siwezi uzeeni kukaa hapa nakunywa mto wa watu.

Andika kwa mkono, na uandike vizuri. Nitasahihisha.

Dada yako


Tarehe 15 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni mwa ofisi, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepata mchumba.

Kwanza, achana na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hiyo inamlinda muuzaji. Tafuta tarehe ya kukaangwa. Usipoiona, rudisha pakiti mahali pake. Kahawa ni kama mkate, wiki chache za mwanzo ndiyo yenyewe, baada ya hapo unakunywa jina. Nunua punje nzima, pakiti ndogo, na usage asubuhi hiyohiyo kiasi cha kikombe chako. Kile kisagio cha kuzungusha kwa mkono kinakutosha. Hifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jiko na dirisha. Kwenye friji usiweke, hata jirani akikuapia.

Kuhusu watu na ardhi, geuza pakiti usome nyuma. Ikiwa imeandikwa "kahawa bora ya milimani" basi, hiyo inaweza kuwa imetoka popote. Tafuta jina la shamba, na nembo yetu ya jani la kijani. Nembo maana yake mkaguzi amefika, ametembea, ameona miti ya kivuli haijakatwa, mto haumwagiwi uchafu, na wanaopuliza dawa wana vifaa vya kujikinga. Chini ya nembo kuna namba ya mkaguzi. Yangu ni 41, lakini tafadhali usiitangaze. Kazi yetu hairuhusu.

Mvua haijakatika huku. Wiki hii nina mashamba manane na gari moja.

Mdogo wako


Tarehe 2 Machi

Kiguu,

Katika barua yako sikukuta kosa, ila salamu zimekuwa fupi. Nimekupa nane kwa kumi.

Nimekwenda duka la kona na miwani yangu. Nimegeuza pakiti moja moja mpaka muuzaji akaniuliza, "Mama, unanunua au unasahihisha?" Nikamwambia vyote viwili. Nyingi hazina tarehe ya kukaangwa. Mbili zilikuwa nayo, moja ya mwaka jana. Ya pili ilikaangwa siku tisa zilizopita, ina jina la shamba, ina anwani, ina jani la kijani, na chini ya jani, 41.

Kiguu, nilisimama pale kama mzazi aliyeona picha ya mwanawe gazetini. Mtoto niliyekuwa nikimvusha barabara kwa mkono, baada ya mama kutuacha, leo watu wanakunywa kwa neno lake.

Nimeisaga nyumbani. Harufu ilishuka mpaka chini kwa jirani yangu Fundi Saa, akapanda na kikombe chake mwenyewe. Sasa anainunua yeye, anainunua mshonaji wa mkabala, na walimu wawili wa shule yangu ya zamani. Sijawaambia namba ni ya nani. Nawaambia tu kwamba mkaguzi wake mimi namwamini.

Na kwa kuwa anwani ipo, nimewaandikia watu wa shamba kuwashukuru. Jina lako sijalitaja. Nakala naiweka humu.

Dada yako


Tarehe 2 Machi

Kwa wenye shamba na wote wanaofanya kazi hapo,

Mimi ni mwalimu mstaafu. Hatujuani. Nimekunywa kahawa yenu wiki hii na nimeona si haki kunywa bila kusema asante. Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto kwamba nyuma ya kila kitu kilichoko mezani kuna mikono ya mtu. Nawasalimu wenye mikono hiyo. Mkipata nafasi, niambieni ninyi ni kina nani.

Mwalimu Mstaafu


Tarehe 20 Machi

Mwalimu Mheshimiwa,

Uongozi wa shamba unakushukuru kwa barua yako nzuri na unakuhakikishia kuwa kahawa yetu huzalishwa kwa kuzingatia ustawi wa wafanyakazi na mazingira. Karibu uendelee kutumia bidhaa zetu.

Karani wa Mizani, kwa niaba ya Meneja

(nyuma ya karatasi)

Mama, hayo ya mbele nimeambiwa niandike. Haya ni yangu. Mimi napima kahawa ikitoka shambani na kutunza ghala la vifaa. Tangu nianze kazi hapa hajawahi kutuandikia mtu, ila wanaodai mizigo. Nimeisomea barua yako wachumaji pale kwenye mizani, wakaomba niirudie pale penye mikono. Mke wangu ni mchumaji, na msimu wa dawa anapuliza. Alicheka, akasema mwambie huyo mama mikono yangu siku hizi inatetemeka, asije akadhani namkatalia salamu.

Sisi hapa tunakunywa zile punje zinazoelea juu wakati wa kuosha. Hazina kitu ndani. Lakini ukizoea unazoea.

Karani


Tarehe 27 Machi

Dada,

Shikamoo. Nakuomba sana usiendelee kuandikiana na watu wa shamba lile. Si utaratibu. Ofisi ikijua inaweza kusema nina upendeleo. Kunywa tu kahawa yako kwa amani. Au jaribu shamba lingine, yapo mengi mazuri.

Mdogo wako


Tarehe 19 Aprili

Mwalimu,

Nimepata barua yako uliyoniuliza mikono ya mke wangu inatetemeka kwa sababu gani. Nimekaa nayo siku sita. Nikikudanganya wewe sijui nitamwambia nani ukweli.

Ni dawa. Wanabeba bomba mgongoni, wanapuliza kuanzia asubuhi, upepo unageuka unawarudishia usoni. Wanajifunga kitambaa puani. Kikiloa ndiyo wanavuta dawa yenyewe. Mke wangu alianza na kichwa, ikaja kutapika, ikaja kifua. Sasa hashiki kikombe. Macho anasema yana ukungu. Kwenye zahanati walimpa vidonge vya tumbo.

Barakoa zipo, mama. Ndilo ninalotaka kukuambia. Barakoa kumi na mbili, na glavu, na miwani. Ziko ghalani na ufunguo ninao mimi. Meneja alisema zikitumika zitachakaa, na zikichakaa tutaonyesha nini siku ya ukaguzi. Siku hiyo nazitundika kwenye misumari. Mkaguzi akiondoka nazirudisha kwenye boksi. Nimefanya hivyo miaka mitatu. Mke wangu anajua ufunguo ninao. Hajawahi kuniomba. Alijua nikimpa nafukuzwa.

Mkaguzi si mtu mbaya. Ni mpole, anavua viatu mlangoni asichafue sakafu. Siku ya ukaguzi wa mwisho mvua ilikuwa kubwa, hakushuka shambani. Aliomba kuona vifaa, nikamfungulia. Akashika barakoa moja. Ilikuwa bado na nailoni yake ya dukani. Aliishika ile nailoni kwa vidole viwili, akaniangalia. Nikamwangalia. Akaandika.

Samahani kwa kukuchosha na mambo yasiyokuhusu.

Karani


Tarehe 26 Aprili

Kiguu,

Hujambo? Fundi Saa ameniuliza swali nikashindwa kumjibu. Anataka kujua, mkaguzi akifika shambani anatembea mpaka chini, mpaka mtoni, au anaishia ofisini? Na vile vifaa vya kujikinga, anavikuta vimevaliwa au vimetundikwa? Nieleze vizuri nimweleze. Usiharakishe, fikiri kwanza halafu uandike.

Dada yako


Tarehe 9 Mei

Dada,

Shikamoo. Mwambie Fundi Saa tunatembea safu kwa safu, mvua au jua. Vifaa tunavikagua kimoja kimoja. Ndiyo maana nembo ina thamani. Mimi ni mzima, kazi nyingi tu.

Mdogo wako


Tarehe 17 Mei

Kiguu,

Mtoto akiiba penseli darasani sikuwa namtaja. Nilikuwa nasema, nitageuka ubaoni, nikigeuka tena nataka kuiona mezani. Mara nyingi nilipogeuka niliikuta. Katika barua yangu iliyopita nilikuwa nimegeukia ubaoni. Nimegeuka, na meza ni tupu.

Karani aliniandikia. Hajui kuwa wewe ni wangu, na sijamwambia. Barakoa ilikuwa na nailoni. Uliishika. Kuna mwanamke hawezi kushika kikombe.

Niandikie ukweli, au usiniandikie.

Dada yako


Tarehe 30 Mei

Dada,

Sikuhongwa. Ningekuwa nimehongwa ingekuwa rahisi kukueleza. Nilipewa kikombe cha chai na kiti karibu na jiko, na nilikuwa nimeloa.

Nailoni ilikuwa inateleza, mpya kabisa. Nilijua palepale. Yule karani alinitazama kama mtu anayeomba nimkamate. Nikawaza, nikiandika hapana, wenye shamba watalalamika ofisini. Mwaka juzi mwenzetu, namba 27, aliandika hapana. Mwezi uliofuata hakupangiwa gari. Baadaye hakupangiwa chochote. Nikawaza na shamba lililokuwa linanisubiri saa tisa. Nikaandika ndiyo. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii.

Si shamba hilo tu. Sitakuambia ni mangapi, maana hata mimi nimeacha kuyakumbuka. Ndiyo maana nilipokuona unafurahi na ile 41 nilitamani uiache, lakini sikujua nikuambieje. Umenilea wewe. Kila mtu mwingine angeweza kujua, wewe ndiye nisiyetaka ujue.

Nitarudi kule.

Mdogo wako


Tarehe 14 Juni

Dada,

Nimekwenda. Sikutumwa, nilipanda lori la mbolea. Nimetembea mpaka mtoni. Miti ya kivuli safu zote za chini imekatwa, visiki bado vyeupe. Maji ya kuoshea buni yanamwagwa mtoni moja kwa moja, yananuka umbali wa hatua mia. Wapulizaji nimewakuta kazini, vitambaa usoni. Nimewauliza majina, wengine wamekimbia.

Karani alinifungulia ghala bila kuombwa. Mkewe sikumwona.

Nimeandika kurasa kumi na moja na kuzikabidhi jana. Msimamizi alizisoma zote, akaniuliza nani alinituma. Nikasema hakuna. Akasema hilo ndilo tatizo.

Mdogo wako


Tarehe 12 Julai

Mwalimu,

Mke wangu alifariki tarehe 21 Mei. Sikukuandikia kwa sababu wewe ndiye pekee uliyemuulizia, nikaona nikikuandikia ndiyo itakuwa kweli.

Mkaguzi alirudi mwezi wa sita. Nilimwambia tukiwa ghalani. Alikaa kwenye gunia akashika kichwa, hakusema neno. Nilimshukuru kwa hilo, wengine wote walikuwa na maneno.

Basi nembo imeondolewa. Nilidhani yakijulikana yatatengenezwa. Wanunuzi waliokuwa wanataka nembo wameacha. Watu sitini wamerudishwa makwao, wengi ni wachumaji. Mavuno yamechukuliwa na kampuni nyingine, ina pakiti yake yenye picha ya ndege na maneno matamu, haina habari na mkaguzi yeyote. Dawa inapulizwa kama kawaida, na watu waliobaki ni wachache, kwa hiyo kila mmoja anapuliza eneo la watatu. Sasa hata ile siku moja ya ukaguzi haipo. Wenzangu wananiuliza niliandika nini na kwa nani.

Nyumba ni ya shamba, natakiwa niiache mwisho wa mwezi. Mjini sina ninayemjua. Anwani ninayo yako tu. Nikifika nitapita kukusalimia.

Karani


Tarehe 20 Agosti

Kiguu,

Nimepata barua ya kukufukuza kazi uliyonitumia, na nimeisoma mara mbili nitafute mahali walipotaja uwongo wako. Hawakuutaja. Wamekufukuza kwa kwenda bila kutumwa. Njoo Jumamosi kama tulivyopanga, chumba cha nyuma kiko tayari. Lakini kabla hujafika lazima ujue lililotokea hapa jana, sitaki nikuambie uso kwa uso.

Asubuhi nilikwenda dukani. Pakiti ya ndege imefika, iko mstari wa mbele, tarehe ya kukaangwa ni ya wiki hii. Muuzaji akasema, "Hii utaipenda, Mwalimu, na tarehe yako ipo." Nikageuza za jani la kijani. Namba 19. Namba 33. Namba 8. Nilizitazama kama watoto wa darasa nisilolifundisha, sijui nani anasema kweli na nani anangoja nigeuke ubaoni. Nikazirudisha zote, nikanunua majani ya chai.

Saa tano mlango ukagongwa. Nikamjua kabla hajasema. Ni mtu mrefu, mwembamba, ana begi moja la turubai. Alivua viatu mlangoni.

Nilimkaribisha mezani, nikampa chai na mkate. Alikula polepole, kwa heshima. Akasema anatafuta kazi yoyote, kupima, kubeba, kufagia, anajua hesabu na mwandiko wake unasomeka. Nikamwambia naujua mwandiko wake. Akatabasamu kidogo. Akanieleza habari za mkewe, jinsi alivyokuwa anaiga mwendo wa meneja mpaka wachumaji wanaangusha vikapu kwa kicheko. Alizungumza kama saa nzima. Nadhani kule shambani hakuna aliyekuwa amemsikiliza.

Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza, Kiguu. Nataka ujue hilo. Nilikuwa nimepanga nimtafutie kazi kwa Fundi Saa au shuleni, na wewe ukija tuseme mmekutana hapa kwa bahati tu. Lakini alipokuwa anashukuru, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye mtu pekee ambaye hakunificha kitu." Nikashindwa kuuzuia mdomo.

Nikasema, "Yule mkaguzi ni mdogo wangu. Nimemlea mimi."

Aliweka kikombe chini. Hakukasirika. Nilitegemea hasira, nilikuwa nimejipanga kwa hasira. Alifikiri kwanza, kama mtu anayesoma mizani.

"Nilipokuandikia habari za barakoa," akasema, "ulikuwa unajua ni yeye?"

"Nilijua."

"Ukafanya nini?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia nilikuandikia wewe. Kwamba sikukuuliza waziwazi, nilitaka useme mwenyewe, kama nilivyozoea kuwangoja wanafunzi. Kwamba jibu lako lilichelewa, halafu nikaandika tena. Kwamba yeye sikumwandikia neno, wala kumwambia afungue lile ghala liwalo na liwe, wala kumwambia ampeleke mkewe hospitali kubwa, kwa sababu kila nilipoanza ile barua ilibidi nieleze kwa nini inanihusu.

Alikuwa anahesabu kwa kidole juu ya meza.

"Ile barua niliandika Aprili," akasema. "Aprili mke wangu alikuwa anatembea. Alikuwa anafika mpaka kwenye mizani kuniletea chakula."

Nikamsogezea sahani ya mkate.

Akamalizia mkate wake, nadhani ili nisione ameuacha. Akasimama, akasema, "Asante kwa chai, Mwalimu." Nikamwambia chumba kipo, alale hata leo tu, kesho nitamtafutia kazi. Akasema hapana mama, asante. Alivaa viatu vyake, akafunga kamba zote mbili vizuri, akabeba begi.

Nilikwenda dirishani. Alitoka chini, akasimama kando ya barabara, akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu asiye na sababu ya kuchagua upande wowote. Alikaa hivyo muda mrefu. Magari yalipita, watu walimpita. Dirisha lilikuwa wazi na angenisikia.

Sikumwita.

Dada yako